Kurudia biolojia ya fomu faivu na siksi: shika kisa kimoja, topiki zingine zitakufuata

Wadogo zangu wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia), huu mwongozo ni wenu. Kila necta, yaani mtihani wa taifa, ikikaribia naona watu wanafanya kitu kilekile, mtu ana madaftari manne ya notsi, anafungua la kwanza kwenye sitolojia anaanza kusoma toka mstari wa kwanza, anapiga msuli usiku kucha, akija kufika jenetiki wiki zimeshaisha na ile sitolojia yenyewe hakumbuki tena. Biolojia ya advansi ni kubwa mno kusomwa kwa kufuata kurasa mara ya pili. Ila mambo ya msingi yenyewe ni machache na yanajirudia kila topiki: utando wa seli unapitisha nini na unazuia nini, umbo la protini linaamua kazi yake, nishati inatoka wapi, taarifa ya DNA inakuwaje protini, mwili unajirekebishaje, na mazingira yanaamuaje nani aishi azae. Ukiyashika hayo, sehemu kubwa ya notsi zako ni mifano tu.

Kwahiyo ninachosema mimi ni hivi, usirudie kwa topiki, rudia kwa kisa. Chukua jambo moja la kweli, lifuate kuanzia kwenye molekuli mpaka kwenye jamii ya watu, na kila unapopita jiulize kwa nini. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, maana Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi sana wanaozaliwa na huu ugonjwa, karibu kila mtu anamjua mwenye nao au familia yenye nao, afu ukiufuata vizuri unapita karibu nusu ya silabasi.

Hatua ya 1: karatasi tupu kwanza, notsi baadae

Kabla hujafungua daftari chukua karatasi, andika jina la topiki katikati, afu mwaga kila unachokumbuka bila kuangalia popote. Chora, unganisha mishale, andika hata kwa Kiswahili, hamna anayesahihisha. Ukikwama kabisa ndio unafungua notsi, na unasoma pale ulipokwama TU. Mapengo yaandike kwa kalamu nyekundu. Karatasi hiyo itunze, kesho yake rudia ileile, afu baada ya wiki, afu baada ya wiki tatu hivi, utaona wino mwekundu unapungua.

Watu wengi hawapendi hii njia kwa sababu inauma, unajiona hujui kitu. Kusoma notsi huku umepaka haileta za njano ni raha, kila mstari unaonekana unaujua, lakini kuutambua mstari ukiuona na kuutoa mwenyewe kichwani ni vitu viwili tofauti, na mtihani unataka hicho cha pili.

Na pakua fomati ya mtihani ya NECTA kwenye tovuti yao, ni bure, angalia ya mwaka wako wewe sio ya kaka yako, mana mitaala inabadilika.

Hatua ya 2: fuata selimundu kutoka DNA mpaka kijijini

Hapa ndio pa kukaa muda mrefu, usikimbie.

Anza na DNA. Jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini iko kromosomu namba 11. Kwa mtu wa kawaida kodoni (herufi tatu za DNA) ya sita inasomeka GAG, kwa mwenye selimundu inasomeka GTG. Herufi moja tu imebadilika, A imekuwa T. Sasa jiulize, kwenye mRNA itakuwa nini? GUG. Ribosomu ikisoma GUG inaweka valini badala ya asidi glutamiki. Ukiweza kueleza hiyo sentensi yote bila kukwama, yaani unukuzi unafanyika kwenye kiini, mRNA inatoka, tRNA inaleta asidi amino yenye antikodoni inayolingana, basi umesharudia usanisi wa protini na umerudia aina za myutesheni kwa wakati mmoja. Ukikwama, rudi notsi hapohapo.

Ingia kwenye protini. Asidi glutamiki ina chaji, inapatana na maji. Valini haina chaji, inakimbia maji. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 na imebadilika moja tu, sasa kwa nini iwe shida kubwa hivo? Kwa sababu himoglobini ikiachia oksijeni ile valini inakwenda kunasa kwenye molekuli jirani, na jirani ananasa kwa mwingine, zinajipanga kama nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli, na nyuzi hizo ndio zinaivuta seli iwe na umbo la mundu. Hapa umerudia viwango vinne vya umbo la protini: mpangilio wa asidi amino umebadilika, na sura yote ya juu yake ikafuata. Swali la enzaimu kupoteza umbo kwa joto au kwa pH ni jamaa wa swali hilihili, umbo likiharibika kazi imekufa.

Ingia kwenye seli yenyewe. Seli nyekundu ya mamalia haina kiini wala mitokondria. Jiulize, kama haina mitokondria inapataje ATP, yaani nishati ya seli? Kwa glaikolisisi tu, kwenye saitoplazimu, glukosi moja inatoa faida ya ATP 2. Kutoka hapo endelea mwenyewe kwa seli yenye mitokondria: pairuveti mbili zinaingia ndani, mzunguko wa Krebs unafanyika kwenye matriksi, mnyororo wa elektroni uko kwenye utando wa ndani, oksijeni inapokea elektroni mwishoni na maji yanatokea. Hesabu ya jumla ya ATP inawachanganya wengi, vitabu vya zamani vinaandika 38 na vya karibuni vinaandika 30 mpaka 32, we cha kushika ni kila hatua inatoa NADH na FADH2 (vibeba elektroni) ngapi, afu tumia hesabu ya kitabu ulichofundishiwa na uionyeshe.

Ingia kwenye usafirishaji na ubadilishanaji wa gesi. Seli ya mundu ni ngumu, haipindi, inaziba kapilari, tishu inakosa oksijeni, ndio yale maumivu makali ya mifupa na kifua. Seli ya kawaida inaishi siku kama 120 ila ya mundu inaishi kama 10 mpaka 20, uboho haufidii kasi hiyo, anemia inaingia. Sasa chora ile grafu ya himoglobini na oksijeni yenye umbo la S na ueleze kwa mdomo kwa nini ina umbo hilo, afu eleza athari ya Bohr, kwamba kabonidioksidi ikiongezeka grafu inasogea kulia na oksijeni inaachiwa kirahisi pale tishu inapofanya kazi zaidi.

Halafu swali tamu hili, kwa nini mtoto mchanga mwenye selimundu anakuwa hana dalili miezi ya mwanzo? Kwa sababu himoglobini ya mtoto tumboni ina minyororo ya gama sio beta, na jeni ya gama haina kosa. Inapopungua, kwenye kama miezi sita, dalili zinaanza. Ukishaelewa hapo unaelewa pia kwa nini grafu ya himoglobini ya mtoto tumboni iko kushoto kwa ile ya mama, lazima aweze kuivuta oksijeni kwenye kondo. Na unaelewa dawa ya haidroksiyurea inafanyaje kazi, inaamsha himoglobini ya utotoni. Hata yale matibabu ya kuhariri jeni kwa CRISPR (mkasi wa kukata DNA) yaliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 yanapita njia hiyohiyo, hawajairekebisha kodoni ya sita, wamezima kile kinachozuia himoglobini ya utotoni. Hii sio ya kukariri kwa ajili ya mtihani, nimeiweka kwa sababu inanifurahisha kuona wanasayansi wakubwa duniani wanatumia kitu kilekile kilicho kwenye daftari la fomu siksi.

Ingia kwenye figo, na hapa wengi hawategemei. Wagonjwa wa selimundu mara nyingi hawawezi kukojoa mkojo mzito, wanapoteza maji mengi. Kwa nini? Kumbuka medula ya figo, kitanzi cha Henle kinapanga chumvi nyingi kule chini ili maji yatoke kwenye mrija wa kukusanyia kwa osmosisi wakati ADH (homoni ya kubana maji) ipo. Sehemu hiyo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, yaani ndio mazingira yanayofanya seli zigeuke mundu, vimishipa vinaziba, medula inaharibika. Eleza hilo kwa sauti na umerudia osmoregulesheni yote. Ukimaliza linganisha na udhibiti wa sukari: kongosho, insulini kutoka seli za beta sukari ikipanda, glukagoni kutoka seli za alfa ikishuka. Muundo ni uleule, kuna kinachopima, kuna kinachotoa taarifa, kuna kinachofanya kazi, na matokeo yanazima chanzo.

Ingia kwenye urithi. A ni jeni ya kawaida, S ni ya selimundu: AA ni mzima, AS ni mbebaji, SS ni mgonjwa. Baba AS, mama AS. Chora jedwali la Punnett: AA robo, AS nusu, SS robo. Na andika hili kwa herufi kubwa ukutani kwako, robo ni KILA MIMBA, haimaanishi kwamba wakishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama. Kuna familia zinaumia na kulaumiana kwa kutolijua hili, kwahiyo lielewe sio kwa ajili ya maksi tu. Pia AS ni mfano mzuri wa kodominansi, damu yake ina himoglobini za aina zote mbili.

Mwisho ingia kwenye mageuko. Jeni inayoua, kwa nini haijapotea? Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 kazi aliyoifanya huku Afrika Mashariki ikionyesha kwamba wenye AS wanakingwa kiasi dhidi ya malaria. Kwahiyo penye malaria nyingi AA anaweza kuuawa na malaria, SS anaumwa selimundu, AS anapona pande zote na anazaa, jeni ya S inabaki. Huo ndio uteuzi asilia, na inakuonyesha kwamba jeni haiitwi nzuri au mbaya mpaka useme iko mazingira gani. Ukifika hapa malizia na mzunguko wa Plasmodiamu, mbu jike wa Anofelesi, ini, seli nyekundu, kurudi kwa mbu, na kundi lake kwenye uainishaji. Umezunguka.

Usijaribu kuyafanya haya yote kwa siku moja. Kila mahali palipo na "ingia" ni kipindi kimoja cha kukaa na karatasi tupu.

Hatua ya 3: mimea haiguswi na selimundu, itafutie kisa chake

Mimea ndio inachukiwa na ndio inawaangusha watu. Chukua mimea mitatu unayoijua: maharage, mahindi na mkonge wa kule Tanga. Maharage ni C3, mahindi ni C4, mkonge ni CAM, yaani njia tatu za mmea kushika kabonidioksidi kwenye usanisinuru. Jambo lote linazunguka enzaimu moja inaitwa Rubisko, ambayo inatakiwa kushika kabonidioksidi lakini kukiwa na joto na stomata (vitundu vya jani) zimefungwa inashika oksijeni, na mmea unapata hasara. Mahindi yamelitatua kwa nafasi: kabonidioksidi inashikwa kwanza kwenye seli za mesofili na enzaimu nyingine, inatengenezwa kitu cha kaboni nne, kinapelekwa seli zinazozunguka vifurushi vya mishipa, kule kabonidioksidi inaachiwa ikiwa nyingi na Rubisko haipati nafasi ya kukosea. Mkonge umelitatua kwa muda: unafungua stomata usiku, unahifadhi asidi ya maliki kwenye vakuoli, mchana unafunga na kutumia ulichohifadhi. Nafasi na muda, hayo maneno mawili yakikaa kichwani swali la kulinganisha C4 na CAM huwezi kulikosa. Miwa na mtama viko na mahindi, mananasi yako na mkonge.

Kwa mzunguko wa vizazi vya mimea sina njia ya mkato, chora wa mosi na wa fani pembeni kwa pembeni na kila sehemu andika n (seti moja ya kromosomu) au 2n (seti mbili). Kwenye mosi kile unachokiona kijani ni gametofaiti (n), kwenye fani lile jani kubwa ni sporofaiti (2n). Chora mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 4: hesabu, usiziruke

Maksi za hesabu ni za uhakika afu watu wanaziacha. Aina tatu zinatosha kuanzia.

Potenshali ya maji: seli ya kwanza ina potenshali ya vilivyoyeyuka -800 kPa na ya mgandamizo 300, jumla -500. Ya pili ina -900 na 200, jumla -700. Maji yanatoka ya kwanza kwenda ya pili, kwa sababu -500 iko karibu na sifuri, ndio iko juu, na maji hutoka juu kwenda chini. Kosa la kila mwaka ni mtu kuona 700 ni kubwa kuliko 500 akageuza mshale.

Eneo la nje kwa ujazo: mchemraba wa sentimita 1 una eneo 6 na ujazo 1. Wa sentimita 2 una 24 kwa 8, yaani 3 kwa 1. Wa sentimita 10 una 600 kwa 1000, yaani 0.6. Kwahiyo amiba haihitaji mapafu na sisi tunahitaji. Tumia hilo kueleza viliai vya utumbo, alveoli, vinywele vya mizizi na kriste za mitokondria, swali ni moja limevaa nguo nne.

Hardy na Weinberg: tuseme kwenye jamii fulani mtoto 1 kati ya 100 ni SS. q ni sehemu ya jeni za S kwenye jamii, p ni ya A: q mraba ni 0.01, q ni 0.1, p ni 0.9, wabebaji 2pq ni 0.18, yaani 18 kati ya 100. Kitu cha kuongeza ili msahihishaji ajue unaelewa ni kwamba kanuni hii inadai hakuna uteuzi, na kwenye selimundu uteuzi upo, kwahiyo jibu ni makadirio.

Hatua ya 5: ikolojia, kisa cha nyumbu

Ikolojia watu wanaidharau wanasema ni stori, wanaandika aya ndefu zisizo na maksi. Shika Serengeti. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ukaua ng'ombe na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa ugonjwa ukapotea kwa nyumbu, wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpaka zaidi ya milioni moja miaka ya 1970. Nyumbu wengi wanakula nyasi nyingi, nyasi zikipungua moto wa porini unapungua, moto ukipungua miche ya miti inapona, miti inaongezeka. Virusi wa ng'ombe anaamua idadi ya miti! Ukieleza mnyororo huo, ukataja kinachozuia idadi ya nyumbu kwa sasa ni chakula wakati wa kiangazi, umejibu uwezo wa mazingira, mahusiano ya viumbe na mabadiliko ya uoto.

Hatua ya 6: pasti pepa na diskasheni

Pasti pepa usianze nazo na usiziache mwisho. Ukimaliza kisa kimoja, tafuta maswali yote ya miaka kama kumi yanayogusa kisa hicho, jibu moja refu kwa muda wa mtihani, saa iko mezani. Ukimaliza sahihisha kwa kuhesabu pointi, sio kwa kuangalia kurasa. Ukiambiwa linganisha, kila pointi iwe na pande zote mbili, ukieleza C3 peke yake aya nzima afu C4 aya nyingine hujalinganisha. Ukiambiwa eleza, kila sentensi iwe na sababu ndani yake, ukiambiwa taja usipoteze muda kueleza.

Kwenye diskasheni wawe watu watatu au wanne, zaidi ya hapo inakuwa kijiwe. Mmoja anasimama anafundisha bila daftari, wengine kazi yao ni kuuliza kwa nini mpaka akwame. Elezaneni kwa Kiswahili kwanza mpaka jambo lieleweke kabisa, afu kila mtu aandike jibu lake kwa Kiingereza cha mtihani, mana pepa haitakuuliza kwa Kiswahili.

Hatua ya 7: praktiko inarudiwa kwa mikono

Vipimo vya chakula viandike kwenye jedwali la nguzo nne, kipimo, utaratibu, kilichoonekana, na hitimisho, na mpangilio ukae kichwani. Wanga ni iodini, bluu nyeusi. Sukari inayopunguza ni Benedict na kuchemsha, bluu inapita kijani, njano, chungwa mpaka nyekundu ya tofali. Sukari isiyopunguza lazima uchemshe na asidi haidrokloriki nyepesi kwanza, upoze, uondoe makali ya asidi kwa haidroksaidi ya sodiamu, ndio uweke Benedict, na ukisahau kuondoa makali hayo kipimo kinakataa. Protini ni haidroksaidi ya sodiamu na salfeti ya kopa, zambarau, bila kuchemsha. Mafuta ni Sudani III, pete nyekundu juu. Kwenye kilichoonekana andika rangi iliyotokea kweli kwenye tyubu yako, hata kama sio uliyoitegemea.

Kupasua panya, mlaze chali, mbane miguu kwa pini, kata ngozi kwanza peke yake ndio ukate ukuta wa tumbo, na ncha ya mkasi iangalie juu muda wote usije ukatoboa utumbo ukachafua kila kitu. Mende anapasuliwa upande wa mgongo akiwa kwenye maji, unakata pembeni kulia na kushoto afu unainua magamba taratibu.

Mchoro uwe mkubwa, penseli ya HB iliyochongwa, mstari mmoja usiopapasa, bila kivuli, mistari ya majina isikatane, kichwa cha mchoro kiseme ni kiungo gani cha mnyama gani na kimeonekana upande gani. Ukiombwa ukuzaji, pima mchoro gawanya kwa kitu chenyewe: mchoro sentimita 12, kitu sentimita 4, unaandika mara 3, bila kipimo mbele yake.